Mvua Ilipowakana Wafalme: San Ignacio ya Belize na Fumbo la Miji ya Wamaya

Santa Elena na San Ignacio ni miji pacha. Kati yake unapita mto Macal, na juu ya mto kuna daraja la chuma la kuning'inia lililojengwa mwaka 1949, jembamba kiasi kwamba magari hulipita kwa njia moja tu. Hapa ni magharibi ya Belize, nchi ndogo ya Amerika ya Kati iliyopata uhuru wake kutoka kwa Waingereza Septemba 1981. Mpaka wa Guatemala hauko hata nusu saa kwa gari. Wenyeji hawajisumbui na jina lote la San Ignacio. Wao husema Cayo tu, neno la Kihispania la kisiwa kidogo, kwa kuwa mji umekaa mahali ambapo mito miwili, Macal na Mopan, inakaribiana kabla ya kuungana na kuwa mto Belize.

Kabla ya barabara, mto huo ndio uliokuwa barabara. Magogo ya mahogani yalielea juu yake hadi pwani, na enzi za utumwa waliokuwa wakiyakata ni Waafrika waliotumikishwa na Waingereza. Baadaye ikaja biashara ya utomvu wa msapodila, uliotengenezewa chingamu. Siku hizi mji unakula kwa utalii. Asubuhi ya Jumamosi soko linajaa: Wamenoni, Wakristo wakulima wenye asili ya Ulaya wanaozungumza lahaja ya kale ya Kijerumani, wameleta mazao yao, wanawake wa Kimaya wameleta yao, na vibandani wanauza kiamsha kinywa cha unga uliokaangwa ukavimba, ambao Mswahili yeyote ataukubali kuwa ni ndugu wa andazi.

Mjini kuna ofisi nyingi za safari, na kila moja ina orodha yake ukutani: pango, mtumbwi, kuelea mtoni juu ya mpira wa tairi, farasi, kuteleza kwenye kamba juu ya miti, piramidi hii, piramidi ile. Kila kitu kina bei yake na siku yake. Nadhani hapo ndipo mgeni anapopunjwa bila mtu yeyote kumdanganya. Anauziwa vipande vya hadithi moja kana kwamba ni hadithi tano. Kwa siku nne anapanda majengo ya Wamaya, wenyeji wa kale wa nchi hii, yaliyoachwa miaka elfu na ushei iliyopita, siku ya tano anaingia gizani kuangalia mifupa, kisha anarudi kwao na swali lile lile alilokuja nalo: hawa watu walikwenda wapi?

Jibu linaanzia kwenye jiwe.

Jiwe linalokunywa maji

Sehemu kubwa ya nchi ya Wamaya imekaa juu ya mawe ya chokaa. Mvua inayonyesha juu yake haikai. Inapenya nyufani, inalila jiwe taratibu, inachimba mapango, na mara nyingi mto mzima unazama ardhini na kuibukia kwingine. Kwa hiyo unaweza kuwa katikati ya msitu mnene, umelowa chepechepe, na usiwe na ndoo moja ya maji ya kunywa ya kukufikisha mwezi Aprili. Mvua za huko huanza karibu Juni na kuishia mwisho wa mwaka. Kuanzia Februari hadi Mei ni kiangazi. Mkulima wa mahindi na maharage anaishi kati ya majira hayo mawili, na mvua ikichelewa mwezi mmoja tu, ghala linajua.

Sasa chukua Caracol. Iko kusini ya San Ignacio, ndani kabisa ya msitu wa Chiquibul, na haina mto. Aliyeigundua mwishoni mwa miaka ya 1930 ni mkata magogo aliyeitwa Rosa Mai, aliyekuwa akitafuta mahogani. Wanandoa waakiolojia Arlen na Diane Chase, wanaochimba hapo tangu 1985, wanakadiria kwamba karibu mwaka 650 jiji hilo lilikuwa na watu laki moja au zaidi. Jengo lake kubwa, Caana, lina urefu wa mita 43 hivi, na hadi leo limo katika orodha ya majengo marefu zaidi ya Belize. Watu laki moja bila mto: waliishije?

Mwaka 2009 ndege iliruka juu ya Caracol ikimimina mionzi ya leza, ambayo hupenya kati ya majani na kuchora sura ya ardhi kana kwamba msitu umenyolewa. Eneo la kilomita za mraba 200 likajitokeza. Kilichowashangaza watu hakikuwa mahekalu. Yalikuwa matuta. Kilima baada ya kilima kimekatwa matuta ya kilimo, yamepangwa ili maji yasikimbie na udongo usiondoke nayo. Katikati ya matuta kulikuwa na mabwawa, mengi yakiwa madogo, mamia yake, yaliyosambaa hadi kwenye makazi ya watu wa kawaida. Jiji lenyewe lilikuwa chombo cha kukingia mvua.

Watalii wengi hupanda Caana, hupiga picha, hushuka. Ningekuwa mwongozaji ningewapeleka kwanza kwenye bwawa mojawapo, hata kama leo ni shimo lenye matope na vyura, kwa sababu piramidi ilisimama juu ya mgongo wa bwawa.

Mfalme na mvua yake

Wamaya hawakuwahi kuwa na dola moja. Walikuwa na miji mingi, kila mmoja na mfalme wake aliyeitwa k'uhul ajaw, bwana mtakatifu. Utakatifu huo ulikuwa kazi. Mfalme alipaswa kusimama kati ya watu na miungu, ikiwemo Chaac, mwenye mvua. Alifanya ibada hadharani, alijitoboa kwa mwiba wa samaki taa ili damu yake idondoke kwenye karatasi na kufukizwa, na kila kipindi cha kalenda kilipofungwa alisimamisha jiwe refu lililochongwa sura yake na tarehe. Ni kwa sababu ya tarehe hizo tunaweza kuwafuatilia wafalme wengi kwa tarehe kamili, jambo ambalo tawala nyingi za kale hazikutuachia.

Walipigana pia, tena sana. Jiwe lililofukuliwa Caracol mwaka 1986 linasimulia jinsi Tikal, jiji kubwa lililoko Guatemala ya leo, lilivyopigwa mwaka 562. Nyuma ya vita hivyo, wasomaji wengi wa maandishi hayo wanauona mkono wa wafalme wa nasaba ya Nyoka, mahasimu wakubwa wa Tikal. Karne iliyofuata Caracol iliishinda Naranjo, mji jirani, na mfalme wake K'an II akachonga ngazi nzima ya maandishi ya kujisifu. Mwaka 680 Naranjo ilijibu. Ngazi ya majivuno ikang'olewa na vipande vyake kubebwa kama ngawira. Vingine vilikutwa Naranjo. Mwaka 2016 timu ya mwanaakiolojia Jaime Awe, yeye mwenyewe Mbelize, ilikuta mabamba mawili zaidi huko Xunantunich, kilomita chache tu kutoka San Ignacio. Ukipanda El Castillo ya Xunantunich, mita 40 juu ya bonde la Mopan, kumbuka kwamba jiji hilo zuri lilipambwa kwa mawe ya aibu ya wenzao.

Halafu mawe yenye tarehe yanaanza kuadimika. Caracol, la mwisho ni la mwaka 859. Tikal, 869. Toniná, mbali magharibi katika Mexico ya leo, 909, na baada ya hapo hakuna jiwe lingine la aina hiyo popote. Ndani ya karne moja na nusu hivi, desturi iliyodumu kwa karne nyingi ikafa katika nyanda zote za kusini. Hilo ndilo linaloitwa anguko la Wamaya.

Ukame, lakini

Ushahidi wa ukame ni mzito, na sehemu yake umetoka Belize hapa hapa. Katika pango la Yok Balum, kusini mwa nchi, matone ya maji yamejenga nguzo ya jiwe kutoka sakafuni, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka limehifadhi alama ya kikemikali ya mvua ya wakati wake. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2012 walisoma humo miaka ya neema kuanzia karibu 440 hadi 660, wakati miji ilipopanuka na wafalme kuongezeka. Baada ya hapo mvua ikaanza kupungua. Kaskazini zaidi, katika rasi ya Yucatán nchini Mexico, matope ya ziwa Chichancanab yana matabaka ya jasi iliyoganda maji yalipokauka. Wanasayansi waliopima maji yaliyonaswa ndani ya jasi hiyo walikadiria mwaka 2018 kwamba mvua ya mwaka ilipungua kwa asilimia 41 hadi 54, na katika vipindi vibaya zaidi hadi asilimia 70.

Ukisoma mpaka hapo utafunga kitabu: ukame uliwaua. Vitabu vingi vya watalii hufunga hapo hapo. Mimi sifungi, kwa sababu ramani inakataa.

Kaskazini ya nchi ya Wamaya ndiko kukavu zaidi. Kama ukame peke yake ndio ungekuwa mwuaji, Yucatán ingekufa kwanza. Kinyume chake, wakati miji ya kusini yenye mvua nyingi inanyamaza, Chichén Itzá kaskazini ilikuwa inapanda. Hapa Belize penyewe, Lamanai, iliyoko kando ya ziwa la mto New River, haikuachwa kabisa. Wahispania walipokuja na makanisa yao walikuta watu bado wanaishi. Xunantunich nayo ilisimamisha mawe yake yenye tarehe mwaka 820, 830 na 849, yaani ilikuwa bado inajitangaza majirani wakiwa wameshaanza kuyumba.

Kwa hiyo swali linabadilika. Tunachotafuta ni kwa nini upungufu wa mvua uliziangusha jamii zile na si hizi. Hapo mambo mengine yanaingia. Misitu ilikuwa imefyekwa kwa mashamba, na pia kwa chokaa: kila hekalu na uwanja ulipakwa plasta, na kuchoma mawe ya chokaa kunakula kuni kwa wingi wa kutisha. Vita vilikuwa vimegeuza majirani kuwa mahasimu wa kudumu, basi mji ulioishiwa chakula haukuwa na wa kumkimbilia. Hata maji yaliyohifadhiwa hayakuwa salama kila mahali. Huko Tikal, utafiti wa mwaka 2020 ulikuta zebaki nyingi katika mabwawa ya karibu na ikulu, iliyotokana na rangi nyekundu ya sinaba waliyopakia majengo na kuzikia wakubwa, pamoja na dalili za sianobakteria, yaani vijidudu vya majini, zenye sumu. Fikiria kiangazi kirefu, bwawa limeshuka, maji yamegeuka kijani na yananuka, na mlango wa pili ni wa mfalme anayedai yeye ndiye anayezungumza na mvua.

Ukame uliwakuta wamekwisha kukopa ardhi, wamekopa kuni, wamekopa utii wa watu. Lamanai ilikuwa na ziwa. Chichén Itzá ilikuwa na visima vya asili na biashara ya chumvi kwa njia ya bahari, na utawala ambao haukumwegemea mfalme mmoja mtakatifu kwa kiasi kile. Caracol ilikuwa na mabwawa na ahadi.

Ndani ya Actun Tunichil Muknal

Sasa unaweza kuingia pangoni. Jina lake maana yake ni pango la kaburi la jiwe, na waongozaji hulifupisha kwa herufi tatu, ATM, jambo linalozaa mzaha ule ule wa mashine ya benki kila siku.

Njia inapita katika hifadhi ya Tapir Mountain. Unatembea kama dakika 45 msituni na kuvuka mto mara tatu, maji yakiwa magotini au kifuani kulingana na mvua ya jana. Juu ya miti wanapiga kelele kima weusi ambao Wabelize, kwa sababu wanazozijua wenyewe, huwaita nyani. Mdomo wa pango umeumbika kama tundu la ufunguo, na huuingii kwa miguu: unaogelea. Maji ni baridi. Baada ya hapo ni safari ndefu ndani ya mto wa gizani, kofia ngumu kichwani na taa juu yake, unapita upenyo ambao lazima uugeuzie shingo ili kidevu kipite. Kisha unapanda mwamba, unavua viatu na kubaki na soksi. Soksi ni sheria: mafuta ya ngozi yanaharibu mawe, na mguu wenye soksi hukanyaga kwa uangalifu.

Huko juu, katika ukumbi mkavu, vyungu vimetapakaa sakafuni. Vingi vimevunjwa au kutobolewa kwa makusudi, kama kwamba chombo nacho kilipaswa kuaga dunia kabla ya kukabidhiwa. Na kuna watu. Mabaki ya watu 14 yamehesabiwa pangoni humo, wakiwemo watoto wachanga. Anayejulikana zaidi amelala chali mwisho kabisa wa njia, mifupa yake imefunikwa na chokaa iliyoganda ikawa inametameta kwenye mwanga wa taa. Kwa miaka mingi aliitwa Msichana wa Kioo. Uchunguzi wa baadaye wa mifupa ulielekeza kwamba yaelekea alikuwa kijana wa kiume wa miaka 17 au 18. Jina la zamani bado liko kwenye matangazo, linauza.

Kwa nini wawekwe huku? Kwa Wamaya pango lilikuwa mlango wa ulimwengu wa chini, na pia makazi ya mvua, kwa kuwa mawingu yalionekana kutoka milimani na maji yalitoka mwambani. Aliyewahi kuingia Mapango ya Amboni kule Tanga, ambayo nayo ni ya mawe ya chokaa, akakuta sadaka zilizoachiwa mzimu, hahitaji maelezo mengi kuhusu mtu anayepeleka haja yake gizani. Jambo linalosisimua ni tarehe. Ibada za mapangoni zilikuwepo tangu zamani sana, lakini sehemu kubwa ya vitu vya ATM ni ya kati ya miaka 700 na 900 hivi, yaani wakati ule ule nguzo ya Yok Balum inaposoma mvua inapungua. Mwanaakiolojia Holley Moyes, Awe na wenzao walilitazama pango jingine la wilaya hii ya Cayo, Chechem Ha, wakaona mwenendo kama huo: ibada zinabadilika, na mitungi mikubwa inatolewa kwa wingi. Mwaka 2009 waliipa hali hiyo jina la ibada ya ukame.

Mimi nikilitazama hilo naona watu waliokuwa wanajua vizuri kabisa kinachowapata. Hawakuzubaa wakisubiri kuporomoka. Walijaribu kila mlango waliokuwa nao, wakaenda ndani zaidi, wakatoa vitu vya thamani zaidi, mwishowe wakatoa watoto. Ni maelezo yanayotisha kuliko neno anguko.

Kamera zimepigwa marufuku pangoni tangu 2012, baada ya mtalii kuangusha yake juu ya fuvu na kulitoboa. Wapo wanaolalamika. Wasilalamike; mifupa ile iko palepale ilipowekwa, haina kioo mbele yake, na kinachoilinda ni soksi zako na adabu yako.

Waliokwenda na waliobaki

Waliotoweka ni wafalme. Watu waliondoka mijini kidogo kidogo, wakahamia penye maji, wengine kaskazini, wengine vijijini, na ibada ya bwana mtakatifu ikakosa waumini. Leo lugha za Kimaya zinazungumzwa na mamilioni ya watu nchini Guatemala, Mexico na Belize. Kijiji cha San José Succotz, ng'ambo ya mto kutoka Xunantunich, ni cha watu wa asili ya Kimaya, na kimetoa wachimbaji na waongozaji wengi wa magofu hayo. Kusini, wilaya ya Toledo, vijiji vya Wamopan na Waq'eqchi' vilikwenda mahakamani kudai ardhi yao ya mila, na Aprili 2015 Mahakama ya Haki ya Karibea ikathibitisha haki hiyo. Watu waliopotea hawafungui kesi. Na kalenda yao haikutabiri kiama tarehe 21 Desemba 2012, kama uvumi ulivyodai. Mzunguko mmoja ulifungwa, mwingine ukafunguliwa, kama mita ya gari inavyorudi sifuri.

Ukienda, nenda kwa mpangilio. Anza na Cahal Pech, iliyo kilimani ndani ya mji wenyewe, ambako watu walikuwa wanaishi tangu karibu mwaka 1200 KK. Ni ndogo, ina vivuli, na inakuzoesha kuyasoma majengo. Jina lake lilitolewa na watu wa karne ya 20, lina maana ya mahali pa kupe, enzi ng'ombe walipokuwa wakilishwa pale, kwa hiyo vaa suruali ndefu. Siku ya pili Xunantunich. Caracol inataka siku nzima na gari la uhakika. Uliza hali ya barabara jioni ya kabla. ATM iache mwisho, ingawa ofisi zote zitataka kukuuzia kwanza, kwa sababu ukiingia pale hujaona mabwawa ya Caracol utaona mifupa tu. Huruhusiwi kuingia bila mwongozaji mwenye leseni. Februari hadi Mei ndiyo miezi mizuri kwa mgeni, mito imeshuka na njia ni kavu. Miezi ya mvua, wakati mwingine mto hujaa usiku na pango kufungwa asubuhi yake, na basi lililojaa wageni wenye kofia ngumu mapajani hugeuza kurudi mjini kunywa chai na kula unga wa kukaanga.